Boti Ndogo ya Mpira na Mbizi ya Matema: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea mwezi Julai katika kona ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, kati ya Lyulilo na Ikombe, wilayani Kyela. Kiliwahusu watu watatu wa Mbeya mjini waliokwenda kupiga mbizi kwa kutumia boti ndogo ya mpira, ya kujaza upepo. Hakuna aliyeumia. Nimesimuliwa na wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na pia na mzee aliyewaokota wawili kati yao, na majina yao nayaacha kwa sababu hayaongezi kitu katika uchambuzi. Naona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa urefu kwa kuwa maoni ya wengi waliokisikia yameishia kwenye jambo moja tu, kwamba boti ilikuwa ndogo mno. Mimi sikubaliani. Boti ile ilitosha kwa kazi ile. Kilichopungua ni kwamba wenye nayo waliihesabu kuwa mahali pa kuwekea mitungi na kupumzikia, wakasahau kuwa muda wote mpiga mbizi anapokuwa chini, boti nayo iko kazini, na inahitaji mtu wake, mafuta yake na mpango wake.

Kwanza nieleze mahali penyewe, kwa sababu bila kupajua huwezi kuelewa kilichotokea. Ufukwe wa Matema ni mchanga mtupu, lakini ukielekea mashariki mchanga unakatika na Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja majini. Miamba unayoiona juu inaendelea chini vilevile: penye bahati utakuta ukingo wa mawe wenye kina cha mita 10 hadi 12, na hatua chache mbele yake mteremko unashuka kwenda kusikofaa kufuatwa na mpiga mbizi wa kawaida. Ziwa hili lina kina kinachofikia takribani mita 700 katika sehemu zake za ndani kabisa, na ingawa sehemu hizo haziko hapa, mteremko wa hapa unatosha kukukumbusha. Katika mawe hayo ndimo wanamoishi mbuna, samaki wadogo wa rangi ambao watu huvuka bahari kuja kuwaona, na hao ndio waliowavutia wenzetu. Kwenda huko kwa miguu ukiwa na mtungi mgongoni hakufai. Hata Wakisi wa Ikombe, ambao wamezaliwa kwenye njia hiyo, vyungu vyao wanavipeleka mnadani Lyulilo kwa mtumbwi. Kwa hiyo uamuzi wa kutumia boti ulikuwa sahihi, na boti ya kukunja inayoingia nyuma ya pikapu ndiyo inayowezekana kwa mtu anayeishi Mbeya.

Walifika Matema Ijumaa alasiri. Boti ilikuwa na urefu wa mita 3.2, sakafu ya mbao na mashine ya nguvu za farasi 6. Jumamosi saa moja na nusu asubuhi waliingia majini: wapiga mbizi wawili, wote wenye vyeti walivyopata baharini, na kijana wa tatu, mdogo wake mmoja wao, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na boti. Ziwa lilikuwa limetulia, na upepo mwepesi ulikuwa ukishuka kutoka mlimani. Walitia nanga ya kukunja yenye uzito wa kilo 3 kwenye ukingo wa mita 12, wakaachia kamba yote ya mita 30, wakafunga kizibo cha hewa cha tanki la petroli ili harufu isisambae, na saa mbili na nusu wawili wakaanguka majini. Yule kijana aliambiwa maneno ambayo wote watatu wanayakumbuka kwa namna moja: nanga imeshika, wewe kaa tu.

Baada ya robo saa upepo ulibadilika. Mawimbi yalitangulia, marefu na ya taratibu, kutoka kusini, kisha upepo wenyewe ukafuata. Boti ilizunguka, kamba ikavuta nanga kutoka upande mwingine, na nanga ikatoka kwenye mawe ikaning'inia penye maji marefu. Kijana hakutambua mara moja, kwa sababu kamba iliyobeba nanga inayoning'inia huonekana imekaza kama kamba ya nanga iliyoshika. Alipoutazama mlima akaona kwamba mti aliokuwa mkabala nao umebaki nyuma, alivuta kamba ya mashine, mashine ikawaka, ikaenda dakika chache na kuzimika. Haikuwaka tena. Upepo ukamsukuma kaskazini, akipiga kasia bila mafanikio, hadi akafika mchangani karibu na Matema. Wawili walipoibuka saa tatu na robo hawakuona boti. Hawakuweza kutokea kwenye miamba kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakipiga, wakajaza upepo majaketi yao na kukaa mbali kidogo na mawe wakipuliza filimbi. Kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, siku ya mnada wa vyungu, mtumbwi kutoka Ikombe ulikuwa ukipita. Mzee mwenye mtumbwi hakuwaruhusu kupanda, na alifanya vyema, kwa sababu mtumbwi wenye vyungu ungepinduka; aliwaambia washike nyuma, akawavuta polepole hadi Lyulilo.

Sasa tuanze na nanga. Kamba ya mita 30 kwenye kina cha mita 12 ni urefu wa mara mbili na nusu tu, wakati nanga ndogo isiyo na mnyororo huhitaji angalau mara tano ili ivutwe ikiwa imelala, isinyanyuliwe. Hata hivyo sitaki kuishia kwenye hesabu hiyo, kwa maana kamba ya mita 60 isingewasaidia. Nanga imetengenezwa kushika chini palipo tambarare. Kwenye mteremko hushika ikivutwa kupanda, na ikivutwa kushuka huteleza, kwa hiyo upepo wa asubuhi uliokuwa ukitoka mlimani ulikuwa tayari unaivuta kuelekea kwenye kina kabla hata upepo wa kusini haujafika. Mzee wa Ikombe aliniambia kwa kifupi kuwa pale kwenye mawe wao hawategemei nanga. Mtu akitaka kusimama hufunga kamba kwenye jiwe la nchi kavu au hukaa na kasia mkononi. Mahali pa namna hii boti inapaswa kubaki hai: mashine tayari, mtu amekaa kwenye usukani, akifuata boya la rangi ambalo mpiga mbizi analivuta kwa kamba kutoka chini. Wenzetu walikuwa na boya kama hilo, na liliachwa ndani ya mfuko.

Upepo nao haukuwa wa ghafla kama walivyodhani. Wavuvi wanauita mwera, na kati ya Mei na Agosti ndio unaolitawala ziwa. Ziwa Nyasa limenyooka kutoka kusini kwenda kaskazini kwa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko mwisho kabisa wa mstari huo, hivyo mawimbi yanayofika pale yamepata nafasi ndefu sana ya kukua. Ndiyo maana yalitangulia upepo. Mtu aliyeko juu ya maji akiona wimbi refu kutoka kusini huku kwake hakuna upepo, ana muda wa kuwaita wapiga mbizi, mradi walikubaliana ishara kabla hawajashuka, kwa mfano kugonga bomba la chuma lililozamishwa majini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa Ziwa Nyasa, na wavuvi waliorudi na usipa (dagaa wa ziwa hili) alfajiri huwa wameshaona dalili. Kuwauliza ni jambo la dakika tano. Kama ningeulizwa mwezi, ningesema Septemba hadi Novemba, mwera ukiwa umepungua na kabla mvua kubwa za Kyela hazijaleta tope kupitia mito ya Lufirio na Mbaka.

Jambo la kijana ndilo linalonigusa zaidi, na hapa sitaki lawama zimwangukie yeye. Wengi hupanga safari ya mbizi kwa kuwahesabu wanaoshuka, kisha humtafuta mtu yeyote wa kukaa juu, mara nyingi yule asiyejua kuzamia na pengine asiyejua hata kuogelea. Mpangilio huo umegeuzwa. Anayebaki ndiye nahodha, na usalama wa wote uko mikononi mwake kwa muda ambao hakuna anayeweza kumsaidia wala kumwelekeza. Mashine ilizimika kwa sababu inayojulikana na kila mtu mwenye boti: kizibo cha hewa cha tanki kikiwa kimefungwa, petroli iliyobaki kwenye mpira na kabureta huwasha mashine kwa dakika chache, kisha tanki hujivuta ndani na mafuta hayaji tena, hata ukiminya kipira cha kupampia mara ngapi. Kulegeza kizibo kungemaliza tatizo. Hakuna aliyemwonyesha. Pia fundi alikuwa ameirekebisha kabureta Mbeya, kwenye mita 1,700 ambako hewa ni nyepesi, na marekebisho yanayofaa huko huifanya mashine iwe ngumu kuwaka ziwani kwenye takribani mita 475. Mashine ya boti irekebishwe ziwani, au isiguswe kabisa.

Ningekuwa mpangaji wa safari ile, kijana angetumia Ijumaa alasiri nzima kuwasha na kuzima mashine, kung'oa nanga au kukata kamba yake, kumkaribia mtu majini kutoka upande wa chini ya upepo, na kuzima mashine kabisa mtu anaposhika boti, kwa sababu panka inayozunguka karibu na miguu ya mpiga mbizi ni hatari kuliko wimbi. Angevaa jaketi okozi muda wote, na kamba ya kuzimia mashine ingekuwa imefungwa mkononi mwake. Kama hawezi hayo, mmoja wa wenye vyeti angebaki juu, na yule mwingine angekosa mwenzake, maana yake siku hiyo hakuna mbizi.

Uzito. Kwenye ubao wa nyuma wa boti palikuwa na kibao kinachoruhusu kilo 430. Tuhesabu: watu watatu kilo 225, mitungi minne ya alumini iliyojaa, kila mmoja kama kilo 17, jumla 68, mavazi, majaketi, mapezi na risasi (vipande vizito vya madini vinavyomsaidia mpiga mbizi kuzama) za wapiga mbizi wawili, kilo 30 au zaidi, mashine 27, tanki la petroli 12, nanga, kamba, maji na chakula, tuseme 15. Inakaribia kilo 380. Kwenye karatasi wamebaki na nafasi, lakini kibao kile kinadhani maji yametulia na mirija ya upepo ya boti imejaa sawasawa. Mitungi ya mbizi ya pili ingeweza kubaki ufukweni ikilindwa, na boti ingekuwa nyepesi kwa kilo 34. Kadhalika risasi. Wote wawili walikuja na uzito waliouzoea baharini, wakati maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya chumvi kwa karibu asilimia 2.5, hivyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 anahitaji kupunguza takribani kilo 2.5 za risasi. Hawakupunguza. Walipokuwa wanasubiri juu ya maji na mawimbi yakiwapiga usoni, uzito huo wa ziada ndio uliowachosha, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuuachia. Mkanda wa risasi unapatikana kwa fedha, na mpiga mbizi aliye juu akiwa na shida aache risasi ziende.

Kuna jambo la upepo wa kwenye mirija ambalo watu wa pwani hawana haja nalo, nasi wa nyanda za juu tunalo. Walijaza boti nyumbani Mbeya hadi ikawa ngumu, ili kuhakikisha haivuji, wakaibeba juu ya pikapu ikiwa imejaa. Mgandamizo wa hewa Mbeya ni takribani milibaa 825, na Matema ni kama milibaa 957 (milibaa 1,000 ni baa moja). Mirija ya boti hii hujazwa hadi baa 0.25 juu ya mgandamizo wa nje, na safari ya kushuka peke yake inaondoa baa 0.13 katika hizo, ingawa joto la Kyela hurudisha sehemu yake. Walipofika waliibonyeza wakadhani imetoboka. Wakaongeza upepo saa kumi jioni juu ya mchanga wenye moto, jua likiwa limeipasha mpira, na asubuhi maji baridi yakaipoza tena ikalegea. Mirija iliyolegea hujikunja katikati penye mzigo, huongeza maji ndani na humfanya mtu anayejaribu kupanda aizamishe pembeni. Utaratibu unaofaa ni kuisafirisha ikiwa imekunjwa, kuijaza ufukweni, kuiacha ielee dakika kumi, kisha kuongeza upepo ikiwa majini. Na ikivutwa juu ya mchanga mchana, ipunguzwe. Wakati wa kurudi ndipo penye hatari kwa boti yenyewe, kwa kuwa boti iliyojazwa vizuri Matema ikipandishwa juu ya pikapu hadi kwenye baridi ya milima ya Rungwe, ambako barabara inapita zaidi ya mita 2,000, mgandamizo wa ndani unaweza kukaribia mara moja na nusu ya ule uliokusudiwa, na viungo vya gundi ndivyo vinavyolipa.

Kuingia na kutoka majini nitakupitia haraka, kwani kwenye kisa hiki hakukuleta madhara. Waliingia kwa kuanguka kinyumenyume wote wawili kwa pamoja, kila mmoja upande wake, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa mmoja akitangulia boti hulalia upande wa anayebaki. Kurudi kuna mpangilio wake: risasi zinatangulia kupokewa, jaketi na mtungi vinafuata vikiwa vimefungwa kwenye kamba ya pembeni, na mapezi yanavuliwa mwisho kabisa, baada ya mtu kujirusha ndani, maana bila mapezi hana nguvu ya kujinyanyua. Mitungi ilazwe juu ya mkeka na kufungwa. Valvu ya mtungi unaobingirika hukwaruza mpira hadi ukaisha. Na kituo cha kuingilia kiwe mbali na midomo ya mito. Karibu na Matema mto Lufirio unaingia ziwani, na mamba wapo. Boti ya mpira haina la kumfanyia mamba, wala kiboko.

Linabaki suala ambalo lingeweza kukigeuza kisa hiki kuwa msiba, na ambalo hakuna aliyelizungumzia hadi nilipowauliza. Mpango wao wa awali ulikuwa mbizi mbili, kutoka majini saa saba mchana, kukunja boti na kuondoka saa nane ili walale Mbeya. Kwa hesabu hiyo, kufikia saa kumi na moja jioni wangekuwa juu ya Tukuyu wakipanda kuvuka mita 2,000, wakati miili yao bado imejaa naitrojeni ya hewa waliyoivuta chini ya maji. Kupanda mlima baada ya mbizi hakuna tofauti na kupanda ndege: mgandamizo wa nje unapungua, na naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inaweza kutoa mapovu kwenye viungo na kwenye mishipa ya fahamu. Miongozo inayotumiwa na Divers Alert Network, shirika la usalama wa wapiga mbizi, kwa mwinuko wa mita 600 hadi 2,400 inataka kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo (kusimama njiani wakati wa kuibuka ili naitrojeni itoke), na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Sehemu ya juu kabisa ya barabara ya Kyela kwenda Uyole imo ndani ya kipimo hicho. Waliokolewa na kuharibika kwa mpango wao: mbizi ya pili haikufanyika, siku iliisha kwa kutafuta boti na kukausha mashine, wakalala Matema na kupanda Jumapili saa nne asubuhi, zaidi ya saa 24 tangu waibuke.

Ziwa lenyewe nalo liko juu ya mita 300, ambako majedwali ya baharini, yanayoonyesha mpiga mbizi akae muda gani kwenye kina gani, huanza kuhitaji marekebisho. Mita 18 za Matema zihesabiwe kama 19, na saa ya mbizi iwashwe pale ziwani ili isome mgandamizo wa pale. Kushuka kutoka Mbeya hakuna madhara, kwani mwili wa mkazi wa mita 1,700 una naitrojeni pungufu kuliko wa mkazi wa Kyela.

Wote watatu wanataka kurudi Oktoba, nami nimewashauri wasiuze boti. Ratiba tuliyoiandika pamoja inaweka mbizi zote Jumamosi kabla ya saa sita mchana, ile ya kina kirefu ikitangulia, na safari ya kupanda Jumapili baada ya saa sita. Kijana anakwenda siku mbili kabla yao kujifunza mashine kwa mvuvi wa Lyulilo atakayelipwa kwa kazi hiyo, na mvuvi huyohuyo atakuwa karibu na mtumbwi wake wakati wa mbizi. Mtungi wa oksijeni ya tiba na barakoa yake vitabaki ufukweni chini ya kivuli, pamoja na mtu anayejua kuvitumia, kwa kuwa chumba cha tiba ya mgandamizo hakiko karibu na Kyela, na mgonjwa wa mapovu akiharakishwa kupelekwa hospitali za Mbeya atapandishwa kwenye mwinuko uleule aliopaswa kuuepuka.